Jinsia na Ushirikiano wa Utafiti katika Astrofizikia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, walimu na watafiti wa Mombasa na Pwani nzima wanaotaka kuingia, au tayari wamo, katika vikundi vya utafiti wa nyota, galaksi na mashimo meusi. Maswali ni yale yanayorudi kila muhula, yakiwemo ya wazazi wanaotaka kujua binti yao anasomea kitu gani. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Pengo lenyewe ni kubwa kiasi gani?

Katika Umoja wa Kimataifa wa Falaki, ulioundwa 1919, wanawake ni karibu mmoja kati ya kila wanachama watano. Rais wake wa kwanza mwanamke, Catherine Cesarsky, alishika wadhifa 2006, yaani miaka 87 baadaye. Kwenye majarida makuu, makala ambayo mwandishi wake wa kwanza ni mwanamke hayakufika 5% miaka ya 1960. Kufikia 2015 yalikuwa kama 25%. Nobel ya Fizikia hutolewa tangu 1901, na hadi 2025 ni wanawake watano tu walioipata: Marie Curie (1903), Maria Goeppert Mayer (1963), Donna Strickland (2018), Andrea Ghez (2020) na Anne L'Huillier (2023). Ghez aliipata kwa kuonyesha kwamba katikati ya galaksi yetu kuna kitu kimoja chenye uzito wa majua yapatayo milioni nne.

Kwa hiyo pengo linapungua, ila polepole, na kadiri ngazi inavyopanda ndivyo wanawake wanavyozidi kuadimika.

Si kwamba wasichana wenyewe hawaipendi fizikia?

Kuna wasiopenda, kama walivyo wavulana wasiopenda. Lakini angalia jinsi uamuzi unavyofanyika. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi aliweza kuiacha fizikia baada ya kidato cha pili, na wasichana wengi waliiacha. Shule isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia ilikuwa imeshamwamulia msichana kabla hajafungua mdomo. Kwa mtaala mpya, wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 wameingia Januari 2026 na kila mmoja amechagua mkondo. Mzazi mwenye binti anayependa nyota ahakikishe mambo mawili tu: mkondo wa STEM wenye fizikia, na hisabati kamili. Mengine yote, hata kuandika programu za kompyuta, yanaweza kujifunzwa baadaye. Hayo mawili ni magumu sana kuyafidia.

Hata hivyo, upendo wa somo hauelezi kwa nini mwanamke ambaye tayari ana shahada ya uzamifu, anayeomba muda wa darubini kwa wazo zuri, ashindwe mara nyingi kuliko mwenzake wa kiume. Hilo ni swali jingine, na lina takwimu zake.

Takwimu hizo ni zipi?

Muda wa darubini kubwa ndio chakula cha mwanafalaki, na hugawanywa na majopo ya wahakiki wanaosoma maombi. Uchambuzi wa maombi ya darubini ya anga ya Hubble kuanzia awamu ya 11 hadi ya 21, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba maombi yaliyoongozwa na wanawake yalifanikiwa kwa kiwango kidogo kuliko ya wanaume, awamu baada ya awamu. Tofauti ya awamu moja ilikuwa ndogo, lakini kila mara ilielemea upande uleule, na hapo ndipo palipotia shaka. Katika ESO, kituo cha falaki cha nchi za Ulaya chenye darubini zake nchini Chile, uchambuzi wa 2016 ulikuta 16% ya maombi ya wanawake yakipita dhidi ya 22% ya wanaume. Sehemu ya pengo la ESO ilitokana na cheo: wanaume wengi zaidi walikuwa wakongwe, na wakongwe hupata zaidi. Si sehemu yote.

Hubble ilijaribu kwanza hatua ndogondogo, kama kuondoa jina la kiongozi kwenye ukurasa wa mbele na kubakiza herufi za kwanza za majina. Hazikutosha. Mwaka 2018, katika awamu ya 26, majina yalifichwa kabisa, mhakiki asimjue mwombaji wala mwombaji asimjue mhakiki. Maombi yalikuwa 489 na yaliyopita 40. Wanawake waliongoza 138 wakapata 12, sawa na 8.7%; wanaume waliongoza 351 wakapata 28, sawa na 8.0%.

Tunaomba takwimu hii isitiwe chumvi. Laiti wanawake wangepata 11 badala ya 12, viwango viwili vingekuwa sawa kabisa, takriban 8.0% kila upande. Hoja basi si kwamba wanawake waliwashinda wanaume. Hoja ni kwamba mwelekeo uliodumu miaka mingi ulikatika pale jina lilipoondolewa, ilhali watafiti na sayansi yao ni walewale. Na kuna faida nyingine inayotuhusu moja kwa moja huku Pwani: idadi ya viongozi waliopata muda wa Hubble kwa mara yao ya kwanza iliongezeka. Jina la chuo kisichojulikana huumiza ombi kama linavyoumiza jina la mwanamke, na dawa ni ileile.

Naandikaje ombi lisilonitambulisha?

Makosa mengi hapa ni ya mazoea, si ya ujanja. Fuata haya:

1. Marejeo yaandikwe kwa namba, mfano [1], [2], si kwa majina ya waandishi ndani ya sentensi.
2. Kazi yako ya awali itaje kana kwamba ni ya mtu mwingine. Usiandike "katika makala yetu [3] tulionyesha". Andika "makala [3] yameonyesha".
3. Data au programu ambayo haijachapishwa, sema imepatikana kwa mawasiliano binafsi. Usiseme ni yako.
4. Ondoa shukrani, namba za ufadhili, jina la chuo, na vidokezo kama "kundi letu la Mombasa". Katika fani ambayo watafiti wa Mombasa wanahesabika kwa vidole, neno hilo moja linatosha kukufichua.
5. Fungua sifa za faili ya PDF kabla ya kuituma. Programu za kuandikia huweka jina la mwenye kompyuta kwenye sehemu ya mwandishi bila kukuuliza. Jina la faili nalo lisiwe lako.

Ustadi wa timu huandikwa kwenye ukurasa wa pembeni, ambao jopo hulisoma baada ya kupanga maombi kwa ubora. Hapo eleza nani atafanya nini na ameshawahi kufanya nini kinachofanana. Sifa tupu hazisaidii. Ndani ya jopo huwepo mwangalizi ambaye kazi yake ni kukatiza mjadala ukianza kubahatisha ombi ni la nani, na ombi lililokiuka masharti waziwazi linaweza kufutwa, hata likiwa zuri namna gani.

Nimesikia makala ya wanawake hayanukuliwi sana. Walijuaje kwamba si kwa sababu ni dhaifu?

Utafiti uliochapishwa 2017 ulichukua makala zaidi ya 200,000 ya falaki ya kati ya 1950 na 2015. Watafiti waliifundisha kompyuta kutabiri idadi ya manukuu kwa kutumia makala ya wanaume peke yake, wakizingatia mambo yasiyo ya jinsia: mwaka, jarida, mada, idadi ya waandishi, idadi ya marejeo, uzoefu wa mwandishi. Kisha wakaipa makala ya wanawake. Makala hayo yalinukuliwa takriban 10% pungufu ya utabiri, maana yake pungufu ya kile ambacho makala yenye sifa hizohizo yangepata kama mwandishi wake wa kwanza angekuwa mwanaume.

Udhaifu wa tafiti za aina hii tuutaje pia. Jinsia hukisiwa kutokana na jina la kwanza. Mwenye herufi tu, "F. Hassan", hutolewa kwenye hesabu. Majina ambayo orodha za kompyuta hazijui jinsia zake hutolewa vilevile, na majina yetu mengi ya Kiafrika yamo humo. Mwanaidi na Mwakio huenda wote wakatupwa nje. Matokeo yake, tafiti za pengo la jinsia zinatueleza zaidi kuhusu Ulaya na Marekani kuliko kutuhusu sisi.

Nitumie jina gani kwenye makala?

Lolote, alimradi lisibadilike. Chukua mfano wa mtu aitwaye Fatuma Ali Hassan. Fatuma ndilo lake, Ali ni baba, Hassan ni babu. Hakuna jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Jarida moja litamwandika "Hassan, F. A.", jingine "Ali Hassan, F.", na akiandika Fatma kwenye makala ya tatu, hifadhidata zitamhesabu kuwa watu watatu, kila mmoja na theluthi ya manukuu. Akiolewa akabadilisha jina, wanakuwa wanne.

Kabla ya makala ya kwanza, chagua umbo moja linalolingana na pasipoti, kwani barua ya mwaliko na ombi la viza vitalinganishwa nayo. Jisajili ORCID, sajili ya kimataifa ya watafiti, ni bure, utapewa namba ya tarakimu 16 inayokufuata hata jina likibadilika. Namba hiyo iweke kwenye kila makala na kila ombi.

Nani awe mwandishi wa kwanza, na tukubaliane lini?

Mkubaliane kabla data hazijafika. Tukiulizwa ni jambo gani moja linalowaumiza wanawake vijana katika ushirikiano kuliko yote, jibu ni hili: makubaliano ya mdomo.

Katika falaki, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi. Wanaofuata hupangwa kwa mchango au kwa alfabeti. Makundi makubwa hupanga wote kwa alfabeti: makala ya 2016 ya kugunduliwa kwa mawimbi ya mvutano yalikuwa na waandishi wapatao elfu moja. Ukiwa wa 640 kwenye orodha hiyo, makala hayasemi lolote kuhusu ulichofanya. Lazima kitu kingine kiseme.

Historia ya fani hii imejaa kazi zilizoachwa zisemewe na wengine. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt alionyesha uhusiano kati ya mng'ao wa nyota za Sefeidi na muda wa mapigo yake, kipimo ambacho hadi leo hutumika kupima umbali wa galaksi. Waraka ulitoka kwa jina la mkurugenzi wake, ukisema tu kwamba umeandaliwa na Bi. Leavitt. Mwaka 1925 Cecilia Payne aligundua kwamba nyota ni haidrojeni na heliamu kwa sehemu kubwa, akashauriwa na Henry Norris Russell kuwa haiwezekani, akaandika kwenye tasnifu yake kwamba huenda matokeo hayo si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell alifikia hitimisho lilelile, na kwa muda mrefu sifa ikamwendea yeye. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi, aliiona pulsa ya kwanza, nyota inayotoa mapigo ya redio, kwenye karatasi za kinasa. Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake na mwenzake.

Makubaliano hayahitaji wakili. Ukurasa mmoja kwa barua pepe, wote wajibu "nakubali". Yawemo haya: nani anaongoza makala yapi, waandishi watapangwaje, nani ana nywila ya data na nani anahifadhi programu, mtu asipofanya kazi kwa miezi mingapi uongozi unahama, na kwa utaratibu gani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Sheria ya ajira ya Kenya inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na tunajua makala yanavyochukuliwa na "anayeweza kuyamaliza haraka" katika miezi hiyohiyo. Andikeni wazi kwamba likizo ya uzazi au ugonjwa haihesabiwi kama kuacha kazi. Pitieni makubaliano upya kila baada ya miezi sita, maana kazi hubadilika na mwenye kuanza kama msaidizi anaweza kuishia kubeba nusu ya mzigo.

Tazameni pia kazi za jikoni za utafiti: kusafisha data, kuandika kumbukumbu za vikao, kupanga mikutano, kuwaelekeza wanafunzi wapya. Bila kupangwa, zinamwangukia mwanamke, na hakuna anayezinukuu. Zizungushwe kwa zamu iliyoandikwa. Na mwisho wa makala wekeni tamko la michango. Mfumo wa CRediT una majukumu 14 yaliyokwisha kutajwa, kuanzia kubuni wazo hadi kutunza data, hivyo hamna haja ya kubuni maneno yenu.

Vikao vya mtandaoni huwekwa usiku wetu. Nifanyeje?

Kwanza ondoa mkanganyiko wa saa. Andika saa za UTC, yaani saa za kimataifa, sikuzote. Kenya iko saa tatu mbele. Kikao cha 17:00 UTC ni 20:00 kwetu, yaani saa mbili usiku kwa Kiswahili, na kuna waliokosa vikao kwa kusoma "saa mbili" wakangoja asubuhi. Kumbuka Ulaya na Marekani hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, kwa tarehe tofauti; Kenya na Afrika Kusini hazibadilishi. Saa tatu asubuhi ya California huwa saa mbili usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa moja usiku wakati wa joto.

Saa mbili usiku ndipo chakula kinapoandaliwa na watoto wanalazwa, na nyumba nyingi bado zinamtazamia mama. Omba mambo mawili: saa za vikao zizungushwe ili usumbufu ugawanywe, na uamuzi wowote upitishwe kwa maandishi, na nafasi ya saa 48 kwa wasiokuwepo kutoa maoni. La pili lina uzito zaidi. Uamuzi unaofanyika palepale kikaoni ni wa walioweza kukaa kikaoni.

Pwani yetu ina historia yoyote katika fani hii?

Ndiyo, na inastahili kufundishwa shuleni. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa falaki ya eksirei ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, ndipo setilaiti ikaitwa Uhuru. Msimamizi wa mradi huo katika NASA alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Eneo lilichaguliwa kwa sababu liko kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta: roketi hupata msukumo wa mzunguko wa dunia, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vipimo. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei na ikasaidia kutambua Cygnus X-1, kitu cha kwanza kukubaliwa kwa upana kuwa shimo jeusi.

Kutoa mahali, hata hivyo, si kushiriki utafiti. Somo hilo lina kazi hadi leo.

Kenya ni mshirika wa SKA (Square Kilometre Array). Hiyo inamsaidiaje mwanafunzi wa Mombasa?

Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini kwenye mradi huo wa darubini za redio. Sahani 64 za darubini ya MeerKAT, zilizozinduliwa 2018 huko Karoo, Afrika Kusini, tayari zinafanya kazi, na mafunzo ya DARA yamewafundisha vijana wa nchi shirika misingi ya falaki ya redio. Ukialikwa kwenye kundi lolote la nje, uliza maswali matatu kabla ya kufurahi. Je, nitaziona data ghafi au picha zilizokamilika tu? Je, kuna makala ambayo mimi ndiye nitakayeyaongoza? Je, muda wa kompyuta kubwa uko kwenye bajeti kwa jina langu? Majibu yakiwa hapana mara tatu, umetafutwa kujaza sanduku la "mshirika kutoka Afrika", na mwanamke hujaza masanduku mawili kwa mpigo. Unaweza kukubali bado, ila ukijua.

Sina darubini, na anga ya Mombasa imejaa taa. Nianzie wapi?

Anza na Kilimia, kundi la nyota liitwalo Pleiades kwa Kiingereza. Wakulima wa Pwani walilitumia kundi hili kujua msimu, na leo unaweza kulipima kwa kompyuta ya kawaida. Data za awamu ya tatu za setilaiti ya Gaia, zilizotolewa Juni 2022, ni bure kwa yeyote na zina nyota zaidi ya bilioni 1.8. Kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, au kwa programu ya TOPCAT, omba nyota zilizo ndani ya nyuzi 2 kutoka RA 56.75, Dec +24.12 (viwianishi vya mahali angani, kwa nyuzi). Utapata nyingi mno, zaidi zikiwa za mbali zisizohusika. Zichuje: paralaksi (mhamo mdogo wa nyota unaotumika kupima umbali) kati ya milisekunde za tao 6.9 na 7.8, uwiano wa paralaksi na hitilafu yake uzidi 10, na mwendo karibu na +20 upande wa RA na −45 upande wa Dec, kwa milisekunde za tao kwa mwaka. Zinazobaki, chora rangi dhidi ya mng'ao. Mstari wa nyota zilizozaliwa pamoja utajitokeza wenyewe.

Kosa la kawaida ni kukokotoa umbali kwa kugawa 1 kwa paralaksi ya kila nyota, hata zenye hitilafu kubwa au paralaksi hasi. Fanya hivyo kwa wastani wa kundi lililochujwa. Kwa kuwa paralaksi iko kwa milisekunde za tao, jibu huja kwa kiloparsek: takriban 0.136, yaani parsek zipatazo 136 (parsek moja ni kama miaka ya nuru 3.26).

Data huria zinamwondoa mlinzi wa mlango, na kwa hilo zimewafaa wanawake sana. Lakini kazi ya upweke haizai barua za kukupendekeza. Tafuta mwenzako mmoja, msome programu za kila mmoja, muandike pamoja.

Nikisumbuliwa kingono na msimamizi au mshirika?

Si kosa lako, na huna wajibu wa kulitatua kimyakimya ili kulinda mradi. Andika tarehe, mahali, maneno na mashahidi siku hiyohiyo. Hifadhi jumbe nje ya akaunti ya chuo, maana akaunti hiyo inaweza kufungwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamgusa mwenye mamlaka anayeyatumia kumsumbua mtu, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya maandishi. Iombe sera hiyo kabla hujaihitaji. Kundi la kimataifa nalo liwe na kanuni za maadili zinazomtaja mtu wa kupokea malalamiko ambaye si kiongozi wa mradi. Hakikisha pia una msimamizi wa pili kwenye karatasi, ili kumwepuka mmoja kusiwe na maana ya kupoteza shahada.

Safari za mikutano na viza?

Ombi la viza ya Schengen hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Kawaida hushughulikiwa kwa siku 15, lakini zinaweza kufika 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ongeza safari ya Nairobi, na ukae ukijua kwamba miadi huisha mapema. Omba barua ya mwaliko siku ileile unapokubaliwa. Mwenye mtoto anayenyonya aulize mapema kama kuna chumba cha kunyonyeshea na kama ufadhili unalipia msindikizaji. Mikutano mingi ina fungu hilo na hailitangazi.

Na gharama za kuchapisha?

Ziulize kabla ya kuwasilisha makala. Majarida ya AAS (jumuiya ya falaki ya Marekani) yalihamia mfumo huria, ambapo kila mtu husoma bure, 2022 na MNRAS, jarida la jumuiya ya falaki ya Uingereza, 2024, na yote hutoza waandishi. Msamaha wa ada huombwa mwanzoni. Makala yakishakubaliwa huwa umechelewa. Open Journal of Astrophysics haitozi mwandishi wala msomaji, ila makala lazima yawe kwenye arXiv, hifadhi huria ya mtandaoni ya makala za sayansi, na mgeni wa arXiv huhitaji kuidhinishwa na mwandishi aliyekwisha kuweka makala huko. Mtandao wa Wanawake wa Afrika katika Falaki, ulioanzishwa 2020 chini ya Jumuiya ya Falaki ya Afrika, ni mahali pazuri pa kumtafuta mtu wa kukuidhinisha. Mwandikie aliyefanya kazi kwenye mada yako, ambatanisha rasimu nzima, na umpe wiki mbili.